Kuishi Ukristo giza na mbalamwezi: mwongozo kamili kwa sisi wa ziwani

Mwezi ukikaribia kujaa, Mwaloni, soko letu la samaki pale Kirumba, Mwanza, panapoa. Taa ya mvuvi haina ujanja mbele ya mbingu inayong'aa, dagaa hawakusanyiki, basi mitumbwi inavutwa nchi kavu, vijana wanashona nyavu au wanalala tu, na sisi wachuuzi tunakaa na mabaki ya wiki iliyopita. Hiyo ndiyo tunaiita mbalamwezi; zile siku za usiku mweusi, dagaa wanapofuata taa, ndizo giza. Mbalamwezi ni siku saba, mara nyingine kumi. Katika siku hizo ndipo watu hukopa vibaya, ndipo mume na mke hununiana, ndipo mgonjwa hukatisha kliniki kwa kukosa nauli, na ndipo waumini huanza kulikwepa kanisa kwa sababu ya ahadi walizotoa giza lilipokuwa limekubali.

Nauza dagaa, na kanisani natunza hazina ya kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Kwa kazi hizo mbili nimepekua madaftari ya watu wengi na kusikia siri nyingi kuliko ninavyopenda. Nilichojifunza ni hiki: wengi wetu imani tunayo. Kinachotushinda ni kutaja tarakimu. Nimepata kiasi gani, nadaiwa kiasi gani, naumwa tangu lini, naweza kuchangia kiasi gani. Tukiulizwa tunajibu "Mungu ni mwema", jibu ambalo ni la kweli kabisa ila siyo lililoulizwa.

Kama wewe si wa dagaa, una mbalamwezi yako. Mwalimu anayo kuanzia katikati ya mwezi mpaka mshahara uingie. Machinga wa Makoroboi anayo Februari, watu wakishamaliza pesa kwenye ada. Bodaboda wa Buhongwa anayo msimu wa mvua. Itafute kwanza, ndipo hatua hizi zitakufaa.

Hatua ya kwanza: daftari, na mahali linapokaa

Nunua daftari gumu. Safu nne zinatosha: tarehe, kilichoingia, kilichotoka, kimekwenda kwa nani. Andika jioni kabla ya kula, maana baada ya kula hutaandika. Elfu moja ya vocha iandike. Mia tano ya mwombaji wa pale stendi ya Nyegezi iandike pia, siyo kwa kujisifu, bali ili mwisho wa mwezi usimsingizie mkeo kwamba ndiye aliyekula pesa.

Mtaji uwe na nyumba yake. Laini moja ya simu iwe ya biashara, nyingine ya nyumbani, na usihamishe kutoka ya kwanza kwenda ya pili mpaka umepiga hesabu ya faida. Mtu wa mwaloni akishika laki tano mkononi hujiona tajiri, kumbe laki nne na nusu ni za magunia ya kesho.

Daftari likae mahali mwenzako anapoweza kulifungua bila kuomba ruhusa. Kwangu liko juu ya kabati la vyombo, chini ya Biblia. Wiki za mwanzo nilikuwa nalifungia dukani, nikijiambia mama watoto hana shida nalo. Ukweli ni kwamba kulikuwa na mistari sikutaka aione.

Hatua ya pili: gawa giza likiwa bado halijaisha

Hii ndiyo hatua yenye kazi, tuende nayo polepole. Tuseme giza moja limekuachia faida ya shilingi 420,000, mtaji ukiwa salama pembeni. Familia ya watu watano inakula 7,000 kwa siku, yaani 210,000 kwa siku 30. Kosa letu ni kuzigawa hizo kwa siku za giza peke yake: tunakula kwa 10,000, tunanunua sato mkubwa, na mbalamwezi ikifika tunaanza kuchungulia kwa jirani. Kwa hiyo kabla ya jambo lingine lolote, chukua 70,000, ambacho ndicho chakula cha siku kumi za mbalamwezi, ununue unga, mchele, maharage na mafuta uweke ndani. Chakula hakikopesheki kirahisi kama pesa. Shemeji atakuomba elfu ishirini; ni nadra akuombe kilo nane za sembe.

Ukitoa chakula cha mwezi mzima, kinachobaki kinakwenda hivi: fungu la kumi 42,000, kodi ya chumba 40,000, shule 40,000, ndugu na michango 30,000, dharura 23,000, hisa za kikundi 20,000, afya 15,000. Jumlisha na ile 210,000 ya chakula utapata 420,000 kamili. Takwimu zako zitakuwa nyingine, na huenda faida yako ni nusu ya hiyo. Muhimu ni kwamba kila fungu lina jina kabla mkono wa mtu haujanyooshwa. Yesu alipozungumzia mtu anayeketi kwanza kuhesabu gharama za mnara, katika Luka 14, hakuwa anatoa somo la uashi.

Tazama fungu la ndugu na michango. Watu wananiambia ni la kidunia. Mimi naliona ni la kiroho kuliko mengine, kwa sababu ndilo linalokuwezesha kusema "ninayo elfu kumi" bila uongo na bila hasira. Likiisha, limeisha. Nitalirudia chini.

Hatua ya tatu: sadaka bila kuua mtaji, na ahadi bila aibu

Nimewahi kumkuta mama mmoja anatoa fungu la kumi la mauzo. Gunia alilonunua 150,000 ameliuza 185,000, basi akapeleka 18,500. Wakati huo ushuru, mzigo na usafiri vilishakula 15,000. Faida yake halisi ilikuwa 20,000, na fungu la kumi la faida hiyo ni 2,000. Alibaki na 1,500 ya kulisha watoto wanne, na kila wiki alikuwa anashangaa kwa nini mtaji unapungua wakati anamtolea Mungu kwa uaminifu. Toa kwenye ongezeko. Makanisa yetu yanatofautiana kidogo, wengine wana zaka kwa mwaka, wengine bahasha kwa mwezi, wengine malimbuko ya mavuno. Muulize kiongozi wako utaratibu, lakini hesabu ya ongezeko ifanye mwenyewe.

Ahadi nazo. Mimi yalinikuta. Ilikuwa harambee ya bati, giza lilikuwa limekubali kwelikweli, mshereheshaji anataja majina na watu wanapiga vigelegele. Nikasimama nikasema laki tatu. Mke wangu akainamisha uso akatazama viatu vyake. Mwezi ukajaa, giza lililofuata likawa bovu, ziwa likachafuka, na laki tatu haikuonekana. Wiki saba nilikuwa napita njia ya juu kupitia Kabuhoro ili nisikutane na mzee wa kanisa anayeshika orodha. Jumapili nilikuwa "naumwa". Mwisho nikachukua daftari nikaenda kwake jioni. Alivaa miwani, akasoma kurasa mbili, akasema, "Mwanangu, ungeniambia wiki ya kwanza tungeandika elfu thelathini kila giza." Tukaandika. Ilichukua giza kumi.

Siku hizi sisimami harambee bila kuwa nimekubaliana na mama watoto nyumbani juu ya kiwango. Kikizidi kile, mdomo wangu haufunguki hata mshereheshaji aimbe. Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba nia ikiwapo, mtu hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo, si kwa kadiri ya asivyo navyo. Ni 2 Wakorintho 8:12, iweke alama.

Neno moja juu ya wazazi. Katika Marko 7 Yesu aliwakemea watu waliosema mali yao ni Korbani, imewekwa wakfu kwa Mungu, huku baba na mama hawana chakula. Kama mayu, mama yako, kule Sengerema anakosa dawa ya presha na wewe umelipia viti vya plastiki vya kanisa, rudi ukaisome sura hiyo polepole.

Hatua ya nne: mikopo

Mikopo ya kausha damu jina lake linatosha, lakini wacha tufanye hesabu. Unakopa 200,000. Wanakata 10,000 ya fomu, unaondoka na 190,000. Unarejesha 10,000 kila siku kwa siku 26: jumla 260,000. Umelipa 70,000 kwa kukaa na pesa chini ya mwezi mmoja, tena pesa ambayo ulianza kuirudisha kesho yake. Benki Kuu imewawekea wakopeshaji wenye leseni wa daraja la pili ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwenye laki mbili hiyo ni 7,000. Kwa hiyo jambo la kwanza la kumuuliza mkopeshaji ni leseni, na la pili ni jumla ya marejesho yote kwa tarakimu, siyo "kidogo kidogo kwa siku". Ile mikopo ya kwenye simu inayowatumia ujumbe watu wote wa kwenye orodha yako ukichelewa, kaa nayo mbali. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 za aina hiyo ambazo hazina kibali.

Kisha jiulize swali la ziwani: siku kumi za mbalamwezi zimo ndani ya zile 26. Laki moja ya marejesho ya siku hizo itatoka wapi? Hapo ndipo mtu anakopa kwa wa pili amlipe wa kwanza, na hapo ndipo godoro linabebwa watoto wakiangalia.

Njia zilizo bora zipo. Kikundi cha kanisani au cha mtaani, ilimradi kimesajiliwa kama inavyotaka Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, kina sanduku lenye funguo tatu, na hesabu zinasomwa mbele ya wote. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Kwa kawaida inatolewa kwa vikundi, na mlango wake ni afisa maendeleo ya jamii wa kata. Foleni ni ndefu na karatasi ni nyingi, sikufichi. Lakini hakuna anayekuja kuchukua godoro.

Kama tayari umezama, fanya hivi usiku wa leo: andika kila deni, jina, kiasi, tarehe. Mwonyeshe mwenzako yote, na lile la siri pia. Kesho mtangulie mkopeshaji kabla hajakufuata, umwambie unaweza kulipa nini kwa siku. Mithali 22:7 inasema akopaye ni mtumwa wake akopeshaye. Naongeza langu: mtumwa anayejificha adhabu yake huongezeka.

Usiwe mdhamini wa mtu ambaye hujaona daftari lake. Hata kama ni kiongozi wa kwaya. Hasa kama ni kiongozi wa kwaya.

Hatua ya tano: mizani

Hii ni fupi. Nilikuwa na sado ya bati, kopo la kupimia dagaa, ambayo kitako chake kilikuwa kimegongwa kikaingia ndani. Sikuigonga mimi, niliikuta kwenye meza niliyorithi, na hiyo ndiyo hoja niliyojipa kwa zaidi ya mwaka. Siku moja mteja kutoka Magu, mama wa makamo, aliichukua, akaigeuza juu chini, akaweka ngumi yake kwenye shimo la kitako. Ikaenea. Akaniuliza, "Baba, hii ngumi yangu utanilipa lini?" Watu wa meza za jirani walicheka, mimi nilitokwa jasho.

Nilinunua sado mpya siku hiyohiyo. Wateja wapya walipungua kidogo, kwa kuwa bei yangu kwa sado ilionekana kubwa. Mama wa Magu bado ananunua kwangu. Kwa anayeuza kwa gunia, lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, ni kosa kisheria na Wakala wa Vipimo huwa wanapita. Lakini anayengoja Wakala ndipo auze sawasawa, Mithali 11:1 haijamfikia. Na mchanga kwenye dagaa, jamani. Anika kwenye chanja.

Hatua ya sita: afya, maombi na dawa

Ombewa, na siku hiyohiyo nenda zahanati. Sioni kwa nini tumezifanya njia hizi zigombane. Luka aliyetuandikia Injili, Paulo anamwita tabibu mpendwa katika Wakolosai 4:14, wala hakuna mahali alipomwambia aache kazi.

Anza na kichocho, maana huu ni ugonjwa wetu wa ziwani na tunauonea aibu bure. Vijidudu vyake vinatoka kwenye konokono wa pembezoni mwa ziwa na kupenya ngozi ukiwa unaoga, unafua, unachota maji au unasukuma mtumbwi. Dakika chache zinatosha. Wengi hawaoni dalili kwa muda mrefu. Wengine huumwa tumbo na kuharisha damu. Ukiachwa miaka mingi, ini na bandama huvimba, tumbo hujaa maji, na mtu anaweza kutapika damu. Hapo ndipo familia inaanza kusema amelogwa, na pesa ambayo ingelipa matibabu inakwenda kwa mganga usiku, kwa siri, na Jumapili tunakaa benchi moja.

Dawa yake ni prazikwanteli. Vidonge huhesabiwa kwa uzito au urefu, humezwa siku moja, baada ya kula. Kichwa kinaweza kuzunguka kidogo, ni kawaida. Kampeni za kumezesha hulenga zaidi watoto wa shule za msingi, hivyo wewe mtu mzima unayeshinda majini usingoje kampeni: nenda kapime choo. Kumeza leo hakukukingi na maambukizi ya kesho, kwa hiyo maji ya kuogea yachemshe, au yakae kwenye pipa lenye mfuniko siku mbili nzima, vijidudu vinakufa. Na choo kitumike. Ufuko tunaobatizia watu wetu ndio huohuo tunaojisaidia kando yake, na konokono hawajali dhehebu.

Presha, kisukari na Virusi vya Ukimwi vina kanuni moja: dawa haiachwi kwa sababu umejisikia vizuri, wala kwa sababu umeombewa. Umejisikia vizuri kwa kuwa dawa inafanya kazi. Kama unaamini umepona, rudi kwa yule aliyekuandikia dawa akupime. Aliyeponywa haogopi kipimo. Hata wale wakoma wa Luka 17 walitumwa wakajionyeshe kwa makuhani. Nimezika rafiki aliyetupa ARV ziwani baada ya mkutano wa maombi. Zilikuwa za bure. Sitaki kulisema zaidi ya hapo, ila mtumishi yeyote anayekuambia utupe dawa, muulize kama yuko tayari kuandika hivyo na kuweka sahihi yake.

Homa isikae ndani siku tatu ikiitwa uchovu. Kipimo cha malaria kwa damu ya kidoleni huchukua muda mfupi, na dawa mseto humezwa siku tatu hadi iishe. Usimwachie mtoto mwingine nusu ya vidonge. Fuata ngazi: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, Sekou Toure ambayo ni ya mkoa, ndipo Bugando ya kanda. Watu wanaruka mpaka Bugando na mafua, kisha wanalalamika foleni.

Bima: Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa ulikuwa ukichangiwa 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu hadi 6. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 imekuja na mipango mipya, kwa hiyo pita ofisi ya kata uulize kiwango cha mwaka huu. Ile 15,000 ya afya kwenye hesabu yetu, giza mbili zilikuwa zinafikisha mchango huo.

Nimalizie na macho mekundu. Usukumani wazee wetu wa kike wameuawa kwa kuitwa wachawi, na macho mekundu yakawa ushahidi. Macho ya bibi ni mekundu kwa sababu amepika kwa moshi miaka hamsini. Mkristo akisikia mnong'ono huo mtaani, kazi yake ni kumpeleka bibi kliniki ya macho mchana kweupe, akimshika mkono, watu wakiona, kisha amripoti anayeeneza maneno kwa mwenyekiti wa mtaa na polisi. Kuomba chumbani peke yake hakutoshi hapo.

Hatua ya saba: nyumbani

Kikao cha nyumba kiwe mara mbili kwa mwezi: giza likianza na giza likiisha. Daftari mezani, simu zimezimwa, watoto wakubwa wanaruhusiwa kusikia sehemu ya shule na chakula. Dakika ishirini. Kwangu tunaanza kwa sala fupi, maana tumegundua ni vigumu kumzomea mtu uliyetoka kusema naye Amina. Vigumu, ingawa inawezekana.

Kwa wavuvi wanaokwenda dago, yaani kambi ya uvuvi, miezi miwili visiwani: kubaliana na mwenzako kabla hujaondoka ni kiasi gani kitatumwa, siku gani, na nani atamwona mtoto akiumwa. Simu ya kila Jumapili, hata mtandao ukisumbua. Kisiwani kuna bia, kuna upweke na kuna watu wenye upweke wao, na kujidai kwamba wokovu umekufanya jiwe ni kujidanganya. Nenda na mtu wa kanisani kwako mkae kambi moja. Ukirudi, pimeni wote wawili kabla ya mengine.

Wapo walioishi pamoja miaka kumi, watoto wanne, hawajafunga ndoa kwa sababu wanasubiri pesa ya sherehe. Ndoa ni kiapo, mashahidi na cheti. Mwone mchungaji au padri, funga Jumamosi asubuhi, mpike wali na sangara, mwende kazini Jumatatu. Kama mahari haijaisha, wapeleke wazee waongee na wakwe juu ya kulipa kwa awamu. Wakwe wengi huku hupenda ng'ombe wawili wanaoonekana kuliko kumi wa maneno.

Na andika wosia. Najua, unaona ni kujitakia kifo. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996, wengi wamelala makaburi ya Igoma. MV Nyerere ikapinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018. Sisi ni watu wa maji. Andika una nini, nani anakudai, unamdai nani, hisa zako za kikundi ziende kwa nani. Weka mashahidi wasio warithi. RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, wanapokea na kutunza wosia. Katika kikundi chetu kila mwanachama ameandika jina la mrithi kwenye kadi yake, baada ya siku moja wajane wawili kufika mezani kwangu wakidai hisa za marehemu mmoja. Siku hiyo nilizeeka.

Hatua ya nane: michango, na rafiki anayekudai au unayemdai

Kadi za harusi zinakuja kwa msimu kama kumbikumbi. Mtu mliyesalimiana mara mbili anakuweka kwenye kundi la simu la kamati, na jioni jina lako liko kwenye orodha ya ahadi kabla hujaahidi. Utaratibu wangu: natazama fungu la michango, najibu siku hiyohiyo, nataja kiasi na tarehe. "Kaka, hongera sana. Nitatoa elfu kumi tarehe tano. Kadi mpe mwingine, nitakuja kanisani kushuhudia." Mara ya kwanza mikono ilinitetemeka. Hakuna aliyenichukia, na kama yupo, amejificha vizuri. Msiba ni tofauti, huo hauulizi giza wala mbalamwezi. Ukikosa pesa nenda na mikono. Kubeba maji na kulala matangani ni rambirambi kamili.

Ndugu akiomba mkopo, mpe jibu la tarakimu: ninayo kiasi hiki, na ninakupa, sikukopeshi. Au: mwezi huu fungu limeisha, njoo giza lijalo. Ukikopesha, kopesha kile ambacho kikipotea bado utamsalimia, na muandikishane hata kama mnatoka titi moja.

Nina rafiki tuliyeanza naye kuuza. Nilimkopesha 50,000 arudishe baada ya wiki mbili. Ikawa miezi mitano. Akiniona mbele anazunguka nyuma ya mabanda ya kukaushia, na mimi nilikuwa nimeshaanza kulisema jambo hilo kwa wengine nikiliita ombi la maombezi. Mathayo 18:15 inasema enenda ukamwonye, wewe na yeye peke yenu. Nilikuwa nimeshaenda kwa watu sita kabla yake.

Nikaenda kwake jioni ya mbalamwezi na sado moja ya dagaa, ile mpya. Nilikuta mtoto ametoka hospitali, mkewe anachemsha uji bila sukari. Hatukuongelea deni mpaka uji ulipoisha. Kisha nilimwambia mambo mawili: kwamba nimemsema kwa watu, naomba anisamehe, na kwamba bado namdai hamsini, ataweza kiasi gani. Alikaa kimya, akasema elfu tano kila giza. Nikaiandika kwenye daftari langu, naye akaiandika nyuma ya kalenda ya ukutani.

Amebakiza elfu ishirini. Wiki iliyopita alipita mbele ya meza yangu, akainua sado, akakigonga kitako kwa vidole viwili, akacheka, akaendelea na safari yake.